Sikio Kabla ya Kidole

Kijana aliyejaa hasira hatulizwi kwa kupigiwa wimbo wa furaha. Daktari Ira Altshuler, aliyewahudumia wagonjwa wa akili huko Michigan, Marekani, aliliona hilo katika miaka ya 1940, na kanuni aliyoiweka ingali msingi wa tiba ya muziki: muziki uanzie pale mtu alipo, kisha usogee naye taratibu. Mwenye majonzi aanze na muziki wa majonzi. Kuieleza kanuni hii ni kazi ya dakika moja. Kuitekeleza mbele ya mtoto anayepiga ngoma ovyo, macho chini, kunataka ustadi wa ajabu.

Ustadi huo walikuwa nao Paul Nordoff, mtunzi na mpiga piano Mmarekani, na Clive Robbins, mwalimu Mwingereza. Walikutana mwaka 1959 Sunfield, makazi ya watoto wenye ulemavu huko Worcestershire, Uingereza. Mtoto akipiga, Nordoff alitafuta mapigo ndani ya vurugu ile na kuyajibu palepale kwenye piano, bila karatasi ya noti. Hata kilio alikipokea, akakitafutia sauti za kukibeba. Robbins alikaa karibu na mtoto, akimtia moyo na kumsaidia kushiriki. Vikao walivirekodi, kisha wakazisikiliza tepu hatua kwa hatua: wapi mtoto aliitikia, wapi mpiga piano alikwenda mbio mno. Mimi huuheshimu usikilizaji huo wa baadaye kuliko hata upigaji wenyewe.

Kwa vijana waliokwisha kuwa na nyimbo zao, kazi hubadilika. Wimbo mmoja humfariji huyu na kumzamisha yule. Mwaka 2015 Suvi Saarikallio, Christian Gold na Katrina McFerran walichapisha dodoso la vipengele 13 kuhusu jambo hilo: je, muziki unamsogeza kijana kwa wenzake, au anajificha ndani yake asiwaone? Mtabibu hodari hamnyang'anyi mtu wimbo kwa kuuona wa huzuni. Huuliza anausikiliza saa ngapi, akiwa na nani, na ukiisha anabaki na hali gani.

Halafu kuna utunzi. Mtabibu huchukua wimbo anaoupenda kijana, huacha kibwagizo kilivyo, na katika beti huondoa maneno machache ili kijana ajaze yake. Ukubwa wa pengo ndio mtihani. Neno moja tu likiondolewa, kijana hujaza lolote. Ukurasa mtupu humtisha. Ikifika zamu ya melodi, mtabibu hupiga njia mbili kwenye gitaa ili kijana achague. Asipozitaka zote mbili, gitaa linanyamaza na yeye anaombwa aimbe anavyoisikia kichwani, hata kwa kuguna.