Arobaini kwa Basi Moja: Jinsi Kambi ya Saemangeum Ilivyohamishwa

Tarehe 8 Agosti 2023, mabasi zaidi ya 1,000 yaliingia kwenye uwanda wa Saemangeum, pwani ya magharibi ya Korea Kusini, kuwachukua skauti wapatao 37,000 kabla kimbunga Khanun hakijafika. Wengi wao walikuwa vijana wa miaka 14 hadi 17, kutoka nchi zaidi ya 150, wasioelewana lugha. Siku hiyo hiyo kambi ikahamwa. Kambi hiyo, Jambori ya 25 ya Skauti Duniani, imeandikwa sana kwa lawama, na nyingi ni za haki. Uhamisho ule, hata hivyo, ulifaulu, na anayepeleka vijana kwenye kongamano au kambi ya taifa lake ana la kujifunza humo.

Tuanze na eneo. Saemangeum ni ardhi iliyotwaliwa baharini kwa ukuta wenye urefu wa kilomita 33. Korea ilipewa uenyeji mwaka 2017 katika mkutano wa skauti wa dunia huko Baku, baada ya kuishinda Gdańsk ya Poland, kwa hiyo ilikuwa na miaka sita ya kujiandaa. Lakini uwanda ule ni tambarare, hauna miti ya kivuli, na maji ya mvua hayapati pa kwenda. Mvua ilinyesha kabla ya ufunguzi, madimbwi yakabaki, mbu wakazaliana, kisha joto likapanda hadi nyuzi 35 hivi. Usiku wa sherehe ya ufunguzi, tarehe 2 Agosti, zaidi ya watu 100 walihitaji matibabu kwa sababu ya joto. Malalamiko kuhusu vyoo na chakula yakafuata.

Kilichoharibika kilikuwa kile kinachotolewa na kituo kimoja kwa watu wote: mifereji, vyoo, vivuli, huduma ya afya. Hapo skauti mmoja mmoja hakuwa na la kufanya, hata angekuwa hodari namna gani.

Kilichosimama ni mpangilio wa watu wenyewe. Katika jambori za dunia, nchi haileti kundi kubwa lisilo na umbo. Huleta vikosi, na kila kikosi kina vijana 36 na viongozi wazima wanne. Vijana hao hugawanywa katika patroli nne za watu tisa tisa, kila patroli ikiwa na kiongozi wake, naye ni kijana mwenzao. Kikosi hupiga mahema pamoja, hupika pamoja na husafiri pamoja tangu nyumbani. Utaratibu huu ni wa tangu mwanzo: mwaka 1907, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipowapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, aliwagawa kwanza katika patroli nne.

Sasa fanya hesabu. Kikosi kimoja ni watu 40. Basi la kawaida la safari za mbali nchini Korea lina viti 45 hivi. Kwa hiyo kikosi kinaingia katika basi moja, na viti vichache vinabaki kwa dharura na mizigo midogo. Gawanya watu 37,000 kwa mabasi 1,000 na ushei, utapata takribani 36 kwa kila basi. Msimamizi wa barabarani hakuhitaji kujua jina la mtu yeyote, alihitaji kujua basi hili ni la kikosi gani. Ndani ya basi, kiongozi mzima angeweza kuuliza maswali manne tu, moja kwa kila patroli. Na kiongozi wa patroli angewatazama wenzake wanane, idadi ambayo jicho huikagua bila karatasi.

Upande wa pili wa safari ulikuwa na hesabu yake. Serikali ilitafuta malazi 128 katika miji na mikoa minane: mabweni ya vyuo vikuu, vituo vya mafunzo vya serikali na vya makampuni. Mkoa wa Gyeonggi, unaoizunguka Seoul, ulipokea wengi kuliko wote. Kwa wastani kila malazi yalipokea watu chini kidogo ya 300, yaani vikosi saba hivi. Bweni la chuo linaweza kupokea vikosi saba kwa alasiri moja. Tusidanganyane: bila dola kuamuru, mabweni hayo yasingefunguliwa kwa siku moja au mbili. Lakini amri ya dola ilifaa kwa sababu ilikuta watu waliokwisha kugawanyika.

Penye kasoro, sababu inaonekana wazi. Chuo kimoja katika wilaya ya Hongseong kiliambiwa kipokee skauti 175 wa Yemen. Vyumba vikatayarishwa, chakula kikapikwa, wageni wakasubiriwa. Ujumbe wa Yemen haukuwa umefika Korea kabisa. Orodha iliyotumika ilikuwa ya waliojiandikisha, na haikuwa imelinganishwa na waliokuwepo kambini. Hesabu ya kweli ilikuwa chini, mikononi mwa viongozi wa vikosi. Waliogawa malazi walitazama karatasi ya juu.

Uingereza na Marekani ziliondoka mapema zaidi, kabla ya tishio la kimbunga. Waingereza wapatao 4,500, msafara mkubwa kuliko wote, walianza kuhamia hoteli za Seoul tarehe 5 Agosti, kwa gharama iliyopita pauni milioni moja, iliyobebwa na akiba ya chama chao. Wamarekani walikwenda kambi ya jeshi lao, Camp Humphreys. Hawa walikuwa na vitu viwili juu ya ule mpangilio wa vikosi: uongozi wa msafara wenye mamlaka ya kuamua, na mahali pa kukimbilia. Chama kisicho na akiba wala kambi ya jeshi hakiwezi kuiga hilo lote, lakini kinaweza kuandika kabla ya safari ni nani mwenye neno la mwisho la kuondoka, na shule au kanisa au msikiti gani ulio njiani umekubali kuwapokea.

Yanayobaki hayana gharama. Kikosi kisizidi viti vya basi moja. Orodha ihesabiwe upya kila asubuhi na nakala ipelekwe juu, ili ya zamani isitumike. Dawa za kila kijana zijulikane na kiongozi wake wa kikosi, si na hema la daktari peke yake. Na anayetaka kujua kama safari iko tayari asianze kwa kuuliza idadi ya mabasi. Amwite kiongozi yeyote wa patroli, bila kumpa taarifa, amwulize wenzake wanane wako wapi sasa hivi.