Barua Haisubiriwi Dirishani

Kosa liko kwenye kitufe kimoja: "Thibitisha agizo". Mfumo wa pembejeo ambao wengi wenu mmeutumia msimu huu wa kupanda, kuanzia Kitale mpaka Bungoma, hutuma baruapepe ndani ya ombi lilelile la mkulima. Seva hupokea agizo, hubisha hodi kwa seva ya barua, hungoja kuitikiwa, ndipo humrudishia mtu ukurasa wake. Ni uamuzi mbaya, na sioni namna ya kuutetea.

Niliushuhudia kwenye saiba moja mjini Kitale. Mama mmoja alikuwa ameshaingia kwenye akaunti yake na kuchagua magunia manne ya mbolea ya DAP. Akabofya. Kile kiduara kikazunguka weee. Akabofya tena. Baadaye ukurasa ukaleta hitilafu, akanigeukia: "Sasa mwanangu, imeenda ama haijaenda?" Tulipofungua orodha ya maagizo yake tulikuta magunia manane. Baruapepe haikufika hata moja.

Tazameni mtiririko wake. Agizo la kwanza lilikuwa limeshaandikwa kwenye hifadhidata kabla barua haijaguswa. Seva ya barua ikajibu kwa msimbo wa 4xx, yaani njoo baadaye. Nani aje baadaye? Barua haikuwekwa popote. Ombi lilipokufa, nayo ikafa. Hitilafu ya barua ikavalishwa agizo, na mama akaambiwa limeshindikana ilhali lilikuwa zima, tena mara mbili.

Nimesikia utetezi wenu, mliounda mfumo huu, kwamba mtumiaji anataka hakika kuwa barua imefika. Hakika hiyo haipatikani hapo. Jibu la 250 linasema tu kwamba seva inayofuata imeipokea. Kama itaishia kwenye barua taka, hamjui. Mmemsubirisha mtu kwa jambo msiloweza kumwahidi.

Wazee wa kazi hii walilijua. Sendmail ya Eric Allman iliweka barua kwenye foleni ya diski, na Postfix ya Wietse Venema ikaifanya foleni kuwa moyo wa kazi yake. Kanuni za SMTP, alizoziandika Jon Postel mwaka 1982, katika toleo la 2008 zinataka mtumaji angoje angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na asikate tamaa mpaka siku nne au tano zipite. Ukurasa gani wa wavuti utangoja siku nne? Hata M-Pesa tangu 2007 imetufundisha: pesa huhamia kwenye daftari, na ujumbe ukichelewa, muamala unabaki palepale. Na posta ya zamani je? Karani alipokea barua yako ya Bungoma, akagonga muhuri, ukaenda zako.

Kwingine katika mfumo huu kazi ni safi: anwani huchukuliwa kwenye akaunti badala ya fomu, na kanuni za kuthibitisha mtumaji, SPF, DKIM na DMARC, zimewekwa, kama Google na Yahoo zinavyowadai watumaji wakubwa tangu Februari 2024. Ila barua zake bado hutoka kwenye anwani isiyopokea majibu, na nitaendelea kuipigia kelele: mkulima akipewa barua, apewe na pa kujibu.

Dawa ni ya siku mbili. Andikeni agizo na barua yake katika muamala mmoja wa hifadhidata, barua ikae kwenye jedwali la foleni, kisha rudisheni ukurasa papo hapo. Programu ya pembeni isome foleni na kutuma: 4xx ijaribiwe tena baadaye, 5xx, yaani imekataliwa kabisa, isimamishwe na mtu aarifiwe. Kila fomu ipewe namba yake ya pekee, ili kubofya mara mbili kuzae agizo moja.

Mama yule alipanda matatu kupitia Kiminini na Webuye mpaka ghalani Bungoma, kwenda kufuta magunia manne ambayo hakuyaagiza. Wakulima watakaporudi kuagiza mbolea ya CAN ya kukuzia, wakute foleni hiyo imewekwa.