Mchongaji Naye Ana Jina

Nilikuwa nikimdharau yeyote anayefanyia kazi kitu cha mwenzake. Mwigaji, mfasiri, wote kapu moja. Halafu nikaziona chapa za mezotinti zilizochongwa kutokana na picha za Joshua Reynolds, yule mchoraji wa sura za wakubwa wa London. Nikanywea.

Kazi yenyewe si mchezo, ndugu msomaji. Bamba la shaba hukwaruzwa lote kwa chuma chenye meno mpaka liparuze kama msasa. Ukilipaka wino na kulichapa hapo, unapata weusi mtupu. Ndipo mchongaji anaanza kukwangua na kulainisha, mwanga unatoka gizani kidogo kidogo: shavu, ukosi wa lesi, jicho. Rangi hana. James McArdell, Mwairishi aliyefariki 1765, aliifanya hariri ing'ae kwa wino mweusi peke yake!

Na Reynolds? Alipenda kujaribu rangi zisizodumu. Wekundu wa nyuso ukafifia yeye mwenyewe angali hai, watu wakabaki wamepauka kama wagonjwa. Kwenye chapa, vivuli vyake vipo. Lakini Royal Academy ilipoanzishwa 1768, Reynolds akiwa rais, wachongaji hawakupewa uanachama kamili.

Kasoro ipo: baadhi ya chapa ni nzito mno, kiza kinameza mikono. Ila tazama chini ya picha: kushoto jina la mchoraji, kulia la mchongaji. Juzi nimepekua tafsiri mbili nilizonazo chumbani. Jina la mfasiri nimelikuta kwenye moja tu, ndani, kwa herufi za sisimizi.