Kikulacho ki Nguoni: Mfanyakazi na Mwenzake katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeitazama kazi ya ajira kwa jicho moja. Tangu miaka ya 1970, nadharia ya Umaksi iliposhika mizizi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, mhusika anayefanya kazi ya mshahara amesomwa kama mwakilishi wa tabaka lake, naye mwajiri amesomwa kama mwakilishi wa tabaka pinzani. Baina yao huwekwa mgogoro, na mwishoni mwa mgogoro huwekwa mgomo au mapinduzi. Usomaji huu umezaa matunda ambayo hayawezi kubezwa, kwani ndio uliotuzindua kwamba umaskini wa wahusika wengi si majaaliwa bali ni zao la mahusiano ya uzalishaji mali.

Hata hivyo, usomaji huo umeacha pengo. Umemsahau mtu wa tatu, yaani mfanyakazi mwenza: yule anayeshika jembe, patasi au kalamu kando ya mhusika mkuu, anayelipwa na mkono uleule, na ambaye huenda asikubali kusimama naye. Makala haya yanadai kwamba katika kazi kadhaa muhimu uzito wa mgogoro hauko baina ya mwajiri na mwajiriwa, bali baina ya mwajiriwa na mwenzake. Dai hilo litachunguzwa katika riwaya mbili za Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979). Tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981). Mstahiki Meya (2009) ya Timothy Arege. Kidagaa Kimemwozea (2012) ya marehemu Ken Walibora. Na Kigogo (2015) ya Pauline Kea.

Fasihi simulizi ililijua jambo hili zamani. Kuhusu mkubwa, methali humshauri mtumishi avumilie na afiche azma yake: mtumikie kafiri upate mradi wako. Mkubwa ni mtu ambaye tabia yake inajulikana, na kinachotafutwa ni njia ya kuishi naye. Kuhusu mwenza, methali hugeuka onyo: kikulacho ki nguoni mwako. Hatari inayoogofya zaidi ni ile isiyoonekana kwa sababu iko karibu mno.

Mkubwa asiyebadilika

Jambo la kwanza linalodhihirika katika kazi hizi ni kwamba mkubwa hana siri. Mwinyi Fuad, mlowezi Delamon wa Kilio cha Haki, Meya wa mji wa Cheneo na Majoka wa Sagamoyo wote hujulikana walivyo tangu wanapojitokeza, na hubaki vivyo hivyo hadi mwisho. Wahakiki wengine wameuona ubapa huu kuwa udhaifu wa kisanaa. Lakini yafaa kuuliza kama waandishi walihitaji kumjenga mkubwa kwa namna nyingine. Kwa mfanyakazi aliye chini, mkubwa hafanani na mtu mwenye nafsi inayokua. Hufanana na hali ya hewa, jambo la kukadiriwa na kujihadhari nalo.

Arege anaitumia hali hii kwa ustadi katika Mstahiki Meya. Meya anakasirika mezani kwa kuwa mayai aliyoletewa ni madogo, ilhali hospitali ya mji wake haina dawa na wafanyakazi wa baraza wanadai haki zao. Tukio la mayai kwa kawaida huorodheshwa chini ya maudhui ya ubinafsi, kisha msomaji huhimizwa aendelee mbele. Thamani yake ni kubwa kuliko hapo. Linaonyesha utaratibu wa kazi unavyopanga uzito wa malalamiko. Lalamiko la Meya, dogo kama yai lenyewe, hushughulikiwa papo hapo na aliye karibu. Lalamiko la wafanyakazi halina budi kungoja kikao, na kikao chenyewe huishia katika maneno. Huu ndio unyanyasaji wa kila siku ambao hauhitaji kiboko. Mfanyakazi hufundishwa kwamba wakati wake si mali na kwamba kungoja ni sehemu ya ajira isiyolipwa.

Mwenza aliye kando

Ikiwa mkubwa habadiliki, basi badiliko hutafutwa kwingine, nalo hupatikana miongoni mwa wadogo. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, Kijakazi anafanyishwa kazi bila huruma na bwana ambaye hamthamini, lakini uaminifu wake kwa bwana huyo hautikisiki upesi hata Mapinduzi ya 1964 yanapobisha hodi. Msomaji humhurumia, na wakati huohuo humchukia kidogo. Hisia hiyo ya pili ndiyo inayostahili kuchunguzwa. Shafi anamlazimisha msomaji akiri kwamba aliyeonewa anaweza kuwa ndiye mlinzi wa mlango wa anayemwonea, tena bila kulipwa kwa ulinzi huo.

Katika Kilio cha Haki tatizo limesukwa kwa namna nyingine. Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la Delamon, na anazo sababu zote za kuungwa mkono. Lakini kabla ya kumfikia Delamon anapaswa kuvuka shaka za wanaume wanaofanya kazi pamoja naye, ambao baadhi yao hawaoni vipi mwanamke awatangulie. Delamon hakuwaletea wanaume hao ubabedume. Walikuja nao shambani kutoka nyumbani kwao. Mazrui, ambaye tamthilia yake husomwa kama kielelezo cha mapambano ya kitabaka, ametia ndani ya mapambano hayo swali ambalo tabaka peke yake haliwezi kulijibu.

Kigogo inalipeleka suala hili katika karakana ndogo ya soko la Chapakazi. Sudi, Boza na Kombe ni wachongaji. Wanatumia zana za aina moja, wanakaa penye vumbi moja, na wanakabiliwa na ukosefu uleule. Utawala wa Majoka unataka vinyago kwa ajili ya sherehe za uhuru, na Kenga, mshauri wa mtawala, analeta keki. Wapo wanaoila, Sudi anaikataa, kama anavyokataa kazi ya kumtukuza asiyestahili. Keki hiyo ni kitu kidogo sana, na ndiyo sababu inafaa. Hakuna mtu anayeamini kwamba ameuza utu wake kwa kipande cha keki. Kila mlaji anaweza kujiambia kwamba ana njaa, kwamba keki ni keki, na kwamba mwenzake anayekataa anajifanya bora kuliko wengine. Hivyo ndivyo karakana inavyogawanyika bila askari kuingia. Kuanzia hapo Sudi ana wapinzani wawili: mmoja yuko ikulu, mwingine yuko umbali wa mkono.

Pingamizi na jibu lake

Yawezekana kudaiwa kwamba utengano huu wa wafanyakazi ni matokeo ya hila za mwajiri tu: Delamon na Majoka hugawanya ili watawale, na mfanyakazi anayemsaliti mwenzake ana fahamu iliyopotoshwa. Pingamizi hili lina ukweli, kwa kuwa keki haikujioka. Lakini halitoshelezi. Keki inaeleza kishawishi, haielezi kwa nini Sudi amekataa. Watu wa tabaka moja, wenye njaa moja, wametoa majibu tofauti kwa swali moja. Nadharia inayowaona kuwa sawa haiwezi kueleza tofauti hiyo, na tofauti hiyo ndiyo tamthilia yenyewe. Ikiondolewa, hubaki hotuba dhidi ya Majoka.

Riwaya ya Kuli inatoa ushahidi kutoka upande wa pili. Inaelekea kwenye mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Unguja wa 1948, na kwa hiyo imesomwa zaidi kama riwaya ya mgomo. Lakini nguvu yake iko katika yanayotangulia: namna Rashidi, kijana asiyejua lolote kuhusu umoja wa wafanyakazi, anavyojifunza polepole kumwamini mwenzake. Umoja katika Kuli hautokani na jasho la pamoja peke yake. Hufundishwa, huzungumzwa, na huhitaji muda. Kama ungezaliwa wenyewe kutokana na dhuluma, basi Kijakazi angekuwa wa kwanza kuwa nao.

Kazi ya akili

Kidagaa Kimemwozea inaongeza sura ambayo wasomi wanapaswa kuitazama kwa makini zaidi. Amani anachunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, na Imani anatumika nyumbani kwa Mwalimu Majisifu, ndugu yake Mtemi. Dhuluma za Mtemi ziko wazi, na mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anaweza kuzitaja. Dhuluma ya Majisifu ni ya namna nyingine: ameuchapisha mswada wa Amani kwa jina lake mwenyewe. Naye Majisifu si bepari wala mtawala. Ni mwajiriwa kama wengine, mwalimu mvivu na mlevi, anayetamani heshima ya mwandishi bila taabu ya kuandika.

Hapa methali ya mchumia juani hulia kivulini inapinduliwa: aliyechuma yuko juani bado, na aliye kivulini ni mwingine. Walibora ameonyesha kwamba wizi wa kazi hauhitaji shamba wala bandari. Unaweza kutokea palipo na kalamu mbili na jina moja juu ya jalada. Wakosoaji waliozoea kuutafuta unyonyaji kwa kabaila wamelipita tukio hili upesi, pengine kwa sababu linatokea katika mazingira yanayofanana na yao. Chuo kikuu nacho ni mahali pa kazi. Kina wakubwa na wadogo, kina waandishi na wanaoandikiwa, na mwanafunzi wa uzamili anayemkabidhi mwalimu wake kazi ya miaka kadhaa humkabidhi pia imani yake.

Upungufu wa kazi zenyewe

Haimaanishi kwamba waandishi wamelimaliza suala hili. Mstahiki Meya inafikia kilele kwa kuanguka kwa Meya, na Kigogo kwa kushindwa kwa Majoka. Miisho hii huridhisha, lakini haionyeshi asubuhi inayofuata. Wafanyakazi wa baraza watarudi vipi katika ofisi moja na wale waliokuwa wakimpigia Meya makofi? Sudi ataazimana patasi na Boza? Mkubwa akishaondoka, mwenza hubaki, na kumbukumbu ya keki hubaki pamoja naye. Fasihi yetu ina ujuzi mwingi wa kumwangusha kigogo, na ujuzi mchache wa kuwapatanisha walioangukiwa na kivuli chake.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kutupilia mbali usomaji wa kitabaka. Yanapendekeza usomaji huo ushuke hadi kwenye benchi la karakana, ukamtazame mfanyakazi na jirani yake. Jambo hili lina umuhimu wa kiutendaji. Mstahiki Meya, Kidagaa Kimemwozea na Kigogo zimewahi kutahiniwa katika shule za upili za Kenya, na walimu waliozifundisha wametoka katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu. Idara zikiwapa orodha ya maudhui, yaani uongozi mbaya, ufisadi na ubinafsi, nao watawapa wanafunzi orodha hiyohiyo. Kijana atatoka shuleni akijua kumlaumu mkubwa ambaye huenda asikutane naye maishani, bila kuwa amewahi kuulizwa atafanya nini siku keki itakapopitishwa mbele yake na mwenzake akaikataa.