Sifuri iliyosafisha visima
Mlikuwepo ukumbini kule Sakina, mkaliona lile jedwali likimulikwa ukutani. Visima vilivyoongoza kwa usalama, vyote kijani, floridi 0.00. Hapa chini ya Meru! Mlima wa volkano, miamba yake ndiyo iliyotupaka meno kahawia, leo kisima kikose floridi kabisa? Nilicheka huku nimefumba mdomo, kama tulivyozoea watu wa huku.

Uharibifu wote ni mstari mmoja:

UPDATE visima SET floridi = 0 WHERE floridi IS NULL;

Eti nafasi tupu (NULL) zilikuwa "zinasumbua ripoti". Haya, tupige hesabu ya mfano. Visima saba, vitatu vimepimwa, vikatoa 4.2, 3.6 na 2.7. Vinne havijafikiwa. Ukiiacha NULL, AVG inairuka yenyewe na kukupa 3.5, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Jaza sifuri: sasa unagawanya kwa saba, wastani unadondoka hadi 1.5 kamili. Maji yamesafishwa na kibodi. Ukipanga kuanzia kiwango kidogo, visima ambavyo hakuna aliyevigusa ndivyo vinakaa juu.

NULL inasumbua kwa sababu. Uliza floridi <= 1.5, haimo, uliza > 1.5, haimo vilevile. Sharti uiite kwa IS NULL, na ukiiita inakuletea orodha ya safari. COUNT(*) saba, COUNT(floridi) tatu: hivyo vinne vinasubiri chupa ya sampuli.

Codd, baba wa hifadhidata za uhusiano, alilisema mwaka 1985, kanuni yake ya tatu: thamani inayokosekana si sifuri. Makarani wetu wa daftari hawakumsoma, ila pasipopimwa walichora kistari. Vijana wa Excel wakiona seli tupu wanaona aibu. Jana tarehe 01/01/1900, juzi -999, leo sifuri.

Mengine ya mfumo, yaani fomu ya simu, funguo, nakala rudufu: safi.

Na hiyo nakala ndiyo irudishwe, maana kwenye jedwali la sasa aliyepima akakosa floridi na ambaye hakwenda kabisa wanafanana. Kisha kolamu ipewe mwenzake, sababu. Codd mwenyewe, katika kitabu chake cha 1990, alitenga thamani isiyojulikana bado na ile isiyohusika. Kisima ambacho hakijapimwa kinadai gari; kilichokauka hakidai hata chupa.