Organistrum: Jina la Ala juu ya Pipa la Divai

Kiwanda cha divai cha Martín Códax, kilichoanzishwa mwaka 1986 katika mji wa Cambados, Galicia, kaskazini-magharibi ya Hispania, kilijichukulia jina la mshairi wa karne ya 13. Hakikuishia hapo. Divai yake moja nyeupe, ya zabibu za Albariño, iliyolazwa katika mapipa ya mwaloni, kiliiita Organistrum, ala ya muziki ya zama za kati. Yafaa mhakiki aulize kama majina haya yamestahili, ama ni pambo la chupa tu.

Jina la kwanza lina mashaka. Katika nyimbo saba za Codax zilizotufikia, msemaji ni msichana amngojaye mpenzi wake, akiyauliza mawimbi ya bahari ya Vigo habari zake. Beti hurudiana, neno moja likibadilika na kiitikio kikirejea, hata kungoja kwenyewe kukawa ndiyo habari. Divai haimo. Muziki wake nao ulinusurika kwa bahati: mwaka 1914 muuza vitabu Pedro Vindel aliikuta ngozi iliyoandikwa nyimbo hizo, ikiwa imetumiwa kuwa bitana la jalada la hati ya Cicero. Sita zina alama za muziki; wimbo wa sita kwa utaratibu hauna. Kwa urithi wa namna hii, jina kwenye chupa ni shukrani ndogo, ingawa (tuseme kweli) limemfikisha mshairi kwa watu wasiofungua diwani.

Jina la pili lina hoja nzito zaidi. Katika lango la Pórtico de la Gloria, kanisa kuu la Santiago de Compostela, ambalo vizingiti vyake vina tarehe ya 1188, fundi Mateo aliwachonga wazee 24 wa Ufunuo wakiwa na ala zao. Katikati wawili wamepakata organistrum moja. Mmoja huzungusha gurudumu linalosugua nyuzi. Mwenzake huchagua sauti. Mzungushaji hachagui sauti hata moja, lakini bila mkono wake ala ni bubu.

Basi pipa ni yupi kati ya wawili hao? Albariño kwa desturi hutengenezwa katika matangi ya chuma kisichoshika kutu, ili harufu ya tunda na ukali wake vibaki wazi. Pipa hupitisha hewa kidogo kidogo, hulainisha ukali huo, na huongeza harufu ya vanila na ya mti uliobabuliwa kwa moto. Likifanya kazi ya gurudumu, kuidumisha sauti ambayo zabibu zimeichagua, jina limepata haki yake, tena kuliko majina mengi ya biashara. Lakini likitaka kuchagua sauti nalo, mnywaji ataonja mwaloni, ambao waweza kununuliwa popote; na ya Galicia itakuwa imebaki ile karatasi iliyobandikwa chupani.