Hamira Imeitika

Kikombe chenyewe ni cha kauri, kina ufa mdomoni, na hakinywewi chai. Mamkubwa hukiweka kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni kwake, Wete, Pemba, na siku ya kuchoma mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi, hukishusha kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Nazi haijakunwa, seredani haijatiwa makaa. Hutia maji ya vuguvugu yasiyofika nusu, sukari kijiko kimoja cha chai, na hamira. Hakorogi kwa fujo. Hukizungusha kijiko mara mbili tatu, hufunika kwa kisahani, kisha huvuta kibao cha mbuzi na kukikalia, mikono magotini.

Kila apitaye jikoni, Mamkubwa humwambia aangalie: "Imeitika?"

Nilipokuwa mdogo nilidhani anapumzika. Sasa najua kwamba zile dakika kumi na tano ndizo kazi yenyewe, na zinazofuata mpaka usiku ni matokeo tu. Hamira kavu hulala. Ndani ya chembe zake mmejaa seli hai, mabilioni katika kila gramu, zilizokaushwa zikanyamaza bila kufa. Nyingine lakini zimekufa kweli, hasa kisiwani kwetu, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima na mwenye duka akishafungua kopo huwapimia wateja kijiko kijiko mpaka liishe. Kwa macho huwezi kuijua nzima na maiti. Zote ni za rangi moja, harufu inakaribiana. Njia ni kuipa kazi ndogo kwanza na kuona kama itaifanya.

Na mkate wa kumimina hauna huruma na hamira dhaifu. Ngano ina ule utomvu wake unaovutika, hukamata hewa kama mpira, hata hamira ikizembea mkate utapata sura. Mchele hauna kitu hicho. Umelowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui la kasimile mpaka ukisugua baina ya vidole husikii chenga, na sasa ni rojo tu, zito kiasi cha kuganda kidogo mgongoni mwa upawa. Rojo hilo halishiki hewa kwa muda mrefu. Hamira isipolijaza mapovu kwa nguvu na kwa wakati, utakula kitu kama bada lililokaangwa, na wageni watasema "ahsante, nimeshiba" kwenye kipande cha kwanza.

Dalili za kikombe nimefundishwa hivi. Kwanza chembe huzama. Kisha juu hutokea wingu, la rangi ya udongo mwepesi, na pembeni huanza vijipovu vidogo vinavyong'ang'ania ukuta. Hapo wengi hushangilia na kumimina. Mamkubwa hapana, kwake huo ni mwayo tu. Hungoja mpaka povu lisimame, liwe na kichwa kama cha maziwa yanayotaka kufurika, na ukisogeza sikio usikie mchakacho mwembamba kabisa. Harufu nayo hubadilika, kutoka ya vumbi hadi ya tunda lililoiva sana. Povu likikaa bapa baada ya robo saa, kikombe chote humwagwa nje na mtoto hutumwa duka jingine. Nimeona akikimwaga mara mbili mfululizo, siku ya mfungo, saa tisa alasiri, futari ikikaribia. Hakulalamika wala hakuongeza kijiko cha pili "kusaidia". Hamira iliyokufa, alisema, ukiiongeza umeongeza maiti.

Mimi mara yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilikuwa na haraka, nikaona maji ya moto yataiamsha upesi. Ikifika nyuzi 55 au 60 hivi hamira hufa, na maji yangu yalikuwa yametoka jikoni yakitoa mvuke. Mamkubwa alichovya kidole, akakitoa, akanitazama. "Mwanangu, ungeyaogea wewe haya?" Kipimo chake ndicho hicho mpaka leo: maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Na tui vilevile, kwani wapo wanaoamsha hamira vizuri kisha wakaichanganya na tui lililokamuliwa kwa maji ya moto sana, wakabaki kumlaumu muuza duka.

Lakini ustadi ninaoupenda zaidi uko kwenye sukari. Mkate huu ni mtamu, sukari yake ni ya vikombe. Angeweza kuitia yote mwanzoni. Hafanyi hivyo. Hamira haiwezi kula wanga wa mchele mbichi, chakula chake ni sukari, ila sukari ikizidi huifyonza maji mwilini na kuilegeza. Kwa hiyo huilisha kijiko tu kikombeni, hukiunganisha na rojo, huacha liumuke, na rojo likishapanda ndipo sukari yenyewe huingia, pamoja na iliki na ute wa yai uliopigwa. Hakusoma hayo popote. Aliona tu kwamba mikate ya walioanza na sukari nyingi huchelewa.

Hatafurahi kusikia nikimfananisha na wapika pombe, lakini ndio wenzake wa karibu. Baadhi ya wanaotengeneza bia majumbani huko Ulaya na Marekani hawaitupi hamira moja kwa moja kwenye pipa. Huichemshia kwanza maji ya kimea kidogo, mepesi kwa makusudi ili isielemewe na utamu, huyapoza, huitia, huitikisa chupa ipate hewa, na huingoja siku nzima izaliane. Ni kikombe kile kile kilichokua. Wakubwa wa viwanda nao walikuja kwenye jambo hilo kwa kuungua: bia ikiharibika bila sababu inayoonekana, mpaka mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alipofanikiwa kutenga seli moja ya hamira na kuizalisha peke yake, safi, bila wageni.

Huku kwetu wageni walikaribishwa. Kabla ya makopo ya dukani, asema Mamkubwa, mkate uliumuliwa kwa tembo la mnazi. Mgema alipanda na kotama yake asubuhi, na tembo tamu lililoshuka lilikuwa limeshaanza kuchemka, kwa kuwa chachu ya jana ilikuwa imebaki kwenye kibuyu. Muda wake ulikuwa finyu: likiwa bichi mno ni maji ya sukari, likilala siku mbili linaelekea siki. Kisiwa cha Waislamu, na mkate wa futari ukiumuka kwa tembo. Nimeuliza mara moja, nikajibiwa kwamba moto hufanya kazi yake, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya karafuu. Ng'ambo ya bahari, watu wa Goa wanaumua sanna zao za mchele na nazi kwa tembo hilo hilo, na Sri Lanka vivyo hivyo kwa appa. Sijui nani alimfundisha nani.

Umeme wa gridi ulipofika Pemba mwaka 2010, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, zilifuata blenda na friji. Blenda aliipokea. Huisimamisha kila mara na kulishika gilasi lake kwa kiganja, maana ikisaga mfululizo hulipasha rojo moto. Friji ameikataa katika jambo hili. Hamira yake hukaa kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, kidogo kidogo, na hununuliwa upya kila mwezi.

Juzi nilimkuta rojo limeshamiminwa sufuriani, juu limejaa vitundu kama sega. Chini palipokauka aliiinua sufuria kwa vitambaa viwili, akaipindua, mdomo ukatazama makaa. Mkate haukuanguka, hupaka samli kidogo tu, kusudi ushike. Akakaa tena kwenye kibao. Kikombe kilikuwa kimeshaoshwa, kimerudi dirishani, na harufu ya iliki ikaanza kutoka ubavuni mwa sufuria kabla hajaamua kuchungulia.